Je, wajua kwa nini gitaa la umeme hulia kama mtu?

Kwa Kiswahili mtoto analia, ngoma inalia, na gitaa linalia. Neno ni moja, na kwa ala tumelizoea kiasi kwamba hakuna anayefikiria machozi. Lakini sikiliza “Maggot Brain” ya kundi la Funkadelic la Marekani, iliyotoka mwaka 1971. Ukiacha maneno machache ya kutangulia, kibao hicho cha dakika 10 hivi hakina mwimbaji. Kiongozi wa kundi, George Clinton, alimwambia mpiga gitaa Eddie Hazel apige kana kwamba ndiyo kwanza amepata habari za kifo cha mama yake. Baadaye, wakati wa kuchanganya sauti, Clinton akazififiza ala nyingine karibu zote. Kinachobaki ni kilio hasa. Je, waya wa chuma unakipataje?

Tuanzie kwenye bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi. Waimbaji Weusi wa kusini mwa Marekani hawakuzikanyaga noti moja moja kama ngazi, walizitelezea. Noti ya tatu ya ngazi ya muziki, hasa, waliiweka mahali ambapo si pa huzuni kamili wala pa furaha kamili, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Gitaa nalo lina vijiti vya chuma shingoni vinavyozitenga noti, ila kidole kikiusukuma waya pembeni, waya hukazika na sauti hupanda taratibu, ikipita palepale katikati. Mpiga gitaa wa bluzi B.B. King alipenda mno jinsi binamu yake Bukka White alivyotelezesha chuma juu ya nyuzi. Yeye mwenyewe hakuuweza mtindo huo, basi akawa anatikisa mkono hadi noti itetemeke. Kwangu mimi, huo ni mtetemo wa sauti ya mtu anayejizuia asilie.

Hata hivyo waya ukishakwanyuliwa hufifia upesi, na kilio hakikatiki upesi hivyo. Kazi ya kuidumisha noti huifanya amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Ikisukumwa kupita uwezo wake, hushindwa kuyafikisha mawimbi ya sauti kileleni, ikayakata vichwa. Mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyingine nyembamba juu ya noti, nao ndio ule mkwaruzo unaofanana na koo la mtu anayepaza sauti kwa uchungu. Zaidi ya hapo, vilele vikikatwa, mwanzo wa noti wenye nguvu na mwisho wake ulio dhaifu hutoka kwa ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo noti inadumu. Sauti ikiongezwa tena, spika yenyewe huutikisa waya upya, na noti inakataa kufa. Mpiga gitaa Mwingereza Peter Green alilitumia jambo hilo mwaka 1967 katika “The Supernatural”, akiwa na bendi ya John Mayall. Noti zake chache zinazoning'inia pale nazipenda kuliko mbio zozote za vidole.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Mpiga gitaa Mmarekani Link Wray hakungoja ipasuke: alizitoboa mwenyewe spika za amplifaya yake ili apate mngurumo wa “Rumble”, kibao cha mwaka 1958. Baadhi ya stesheni za redio za Marekani zilikataa kukipiga, zikihofia kitawachochea vijana kupigana, ilhali hakina neno hata moja.

Uzito wa muziki wa gitaa la umeme nao una siri yake. Amplifaya iliyolemewa ikipewa noti nyingi kwa pamoja huzivuruga. Wapigaji hupenda basi kuunganisha mbili tu, ya msingi na ya tano juu yake, ambazo mitetemo yake inakwenda 2 kwa 3: moja ikitetemeka mara 2, nyingine hutetemeka mara 3. Zinashikana vizuri, na katika mkwaruzo huzaa noti nyingine nzito zaidi, chini ya zote mbili.

Unaposikiliza, usihesabu noti. Subiri pale gitaa linaponyamaza. Katika bluzi mwimbaji alitoa mstari, gitaa likajibu, B.B. King alikiri kwamba hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Mwimbaji anapokosekana, gitaa hubeba sehemu zote mbili: linauliza, linavuta pumzi, linajibu, na mara nyingine linauliza tena bila kujijibu.