Akili mnemba kwenye duka la jumla: kazi inaanzia kwenye daftari la mauzo

Wenye maduka wanaotaka kutumia akili mnemba huanza kwa kuuliza wanunue programu gani. Nashauri swali hilo lisubiri. Kwa duka la jumla la vyakula, faida ya karibu iko kwenye kazi mbili: kukadiria mzigo wa kuagiza na kujibu wateja kwenye WhatsApp. Ya kwanza ndiyo yenye pesa nyingi, na ndiyo inayoharibika kimyakimya.

Fungua faili la mauzo uone bidhaa moja imeandikwa kwa majina mangapi: "sembe kg 2", "Unga sembe 2kg", "unga mdogo". Kwa mashine hizo ni bidhaa tatu zinazouzwa kidogo kidogo. Ipe kila bidhaa namba moja na kipimo kimoja. Leo katoni, kesho pakiti, hesabu haitakaa sawa. Usafi huu kwa kawaida hula muda mwingi kuliko kuiweka programu yenyewe kwenye kompyuta.

Kisha kagua siku zenye mauzo sifuri. Je, wateja hawakuja, au sukari iliisha stoo? Daftari halisemi, na mashine itachukulia kuwa hakuna aliyeitaka. Itashauri uagize kidogo, sukari itaisha mapema zaidi, sifuri zitaongezeka, na makadirio yajayo yatashuka tena. Dawa yake ni safu moja tu ya wima kwenye jedwali la mauzo: "ilikuwepo stoo, ndiyo au hapana". Siku za "hapana" zisihesabiwe kama siku zisizo na wateja.

Kosa jingine ni la kalenda. Programu nyingi hutafuta misimu kwa miezi ya Januari hadi Desemba, lakini Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2023 ilianza katika wiki ya nne ya Machi. Mwaka 2025, mwanzoni mwa Machi. Programu iliyojifunza kwa mauzo ya 2023 peke yake ingekuletea tende na tambi wiki tatu baada ya watu kuanza kufunga. Weka safu ya siku zilizobaki kabla ya Ramadhani, na nyingine za Idi, kufunguliwa kwa shule na mwisho wa mwezi.

Kabla ya kulipa, ifiche programu mauzo ya miezi mitatu ya mwisho, iyakadirie, kisha linganisha na wastani wa kawaida wa wiki nne zilizotangulia. Ikishindwa kuupiku wastani huo kwa kukaribia mauzo halisi, usiinunue. Wastani ni bure.

Kwa msaidizi wa akili mnemba anayejibu wateja WhatsApp, jihadhari na saa. Mteja akiandika "nileteeni saa nane" anataka mzigo mchana, lakini mashine iliyosoma zaidi Kiingereza inaweza kuandika 8:00 asubuhi. Ielekeze iulize "saa nane mchana, 14:00?" kabla ya kufunga oda. Bei izisome kwenye jedwali lako. Isipoiona bei, impeleke mteja kwa mhudumu, isibuni. Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamuru shirika la ndege la Air Canada limlipe fidia abiria aliyepewa maelezo ya nauli yasiyo sahihi na msaidizi wa kompyuta kwenye tovuti yake. Kampuni ilijitetea kwamba haiwajibiki kwa maneno ya msaidizi huyo. Utetezi ukakataliwa.

Majina na namba za simu za wateja ziondoe kabla ya kupandisha faili lolote kwenye programu hizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva, yaani kompyuta zinazotunza taarifa, za programu nyingi za aina hii ziko nje.

Karani abaki na uwezo wa kukataa oda iliyopendekezwa, ila aandike sababu: barabara imekatika, duka jipya limefunguliwa jirani, kuna harusi tatu wiki hii. Mashine haina pa kuyasikia hayo. Mwisho wa mwezi zisomeni sababu hizo pamoja, na inayojirudia ipewe safu yake kwenye jedwali.