"Indict" sio kufungwa, na hiyo C wala usiitamke

Machi 2023 habari zilipotoka kwamba Trump yuko "indicted" kule New York, jamaa mmoja kijiweni akadakia "keshafungwa huyo!", nami nikajifanya mjuaji nikamwambia hapana, ni indikti tu, nikaitamka na K yake kabisa kama inavyosomeka. Kumbe wote tumechemka, kila mtu kwa upande wake.

Tuanze na lake maana ndo linaenea sana. Indict sio kutiwa hatiani, ni kufunguliwa mashtaka rasmi basi. Pale New York jopo la raia 16 mpaka 23 linasikiliza ushahidi wa mwendesha mashtaka, wakikubali angalau 12 kati yao hati ya mashtaka inatoka, hapo kesi yenyewe hata haijaanza. Hukumu ya hatia ya Trump ilikuja tarehe 30 Mei 2024, zaidi ya mwaka baadaye, na ilitolewa na jopo lingine la watu 12.

Langu sasa. Sisi tumezoea Kiswahili, herufi ikiandikwa inasomwa, so tunadhani ile C ina kazi. Haina! Neno liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, enditer, bila C yoyote, halafu miaka ya 1600 huko wasomi wakaichomeka ili lifanane na Kilatini, ila midomo ya watu ikagoma, wakaendelea kusema "indait" mpaka leo. Ni mchezo uleule waliofanya kwenye B ya debt.

Wengine husema halina uhusiano wowote na dikteta. Upo, ni ndugu kabisa! Yote mawili yametoka kwenye Kilatini dictare, yaani kusema maneno ili mwenzako aandike, yaani imla ile ya shule ya msingi mwalimu anasoma we unakimbiza kalamu. Kwa hiyo asili ya indict ni kuyaweka mashtaka kwenye maandishi, wakati "shtaki" yetu imetoka kwenye Kiarabu cha kulalamika, sisi tumeanzia mdomoni wao kwenye karatasi, hii mi imenifurahisha sana aisee.

Na usidhani Uingereza bado wana lile jopo la kupitisha mashtaka, walilifuta karibu lote 1933, neno tu ndo limebaki.

Yule jamaa nimeshamwelewesha, ila nikipita tu kijiweni ananiita "Mheshimiwa Indikti".