Kampuni za teknolojia kwenye vyuo vya Weusi Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Vyuo hivi ni vya kufundisha tu, utafiti wa kuzaa kampuni haupo.

Vyuo vya kihistoria vya Weusi, maarufu kama HBCU, ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kuwasomesha Wamarekani Weusi. Viko takriban 100. Howard ilipanda mwaka 2025 hadi R1, daraja la juu kabisa la utafiti. Lonnie Johnson, aliyebuni bunduki ya maji ya Super Soaker, alisoma uhandisi Tuskegee. Vichwa vipo, fedha ndizo zilizopunjwa: mwaka 2023 serikali kuu iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya umma vya Weusi vilivyotokana na sheria ya 1890 ya kufadhili vyuo vilinyimwa zaidi ya dola bilioni 12 kwa miaka 30, ukivilinganisha na vyuo wenzao wa majimbo hayo hayo. Kwa fedha hizo maabara zingejengwa, na ofisi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ingekuwa na watu.

Dhana: Andaeni hakathoni (mashindano ya siku chache ya kuunda programu za kompyuta), toeni zawadi, kampuni zitaota zenyewe.

Hapa ndipo wafadhili wanapomwaga hela nyingi na kuvuna kidogo. Hundi inapigwa picha Jumapili jioni. Ikifika Mei, wawili kati ya wanne wa timu iliyoshinda wamehitimu na kupata kazi, msimbo wa programu uko kwenye akaunti ya mmoja wao, na hakuna karatasi inayosema ni mali ya nani.

Tiba yake ni ya bei nafuu kuliko hakathoni. Kwanza, kila mwanzilishi atie sahihi mkataba wa kukabidhi kazi yake kwa kampuni. Pili, hisa zipatikane kidogo kidogo kwa miaka 4, na usipate hata moja kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Chukua hisa 1,000,000 zilizogawanywa kwa watu wanne. Anayeondoka mwezi wa 8 bila sharti hilo anakwenda na 250,000 mfukoni, na mwekezaji akiona robo ya kampuni iko kwa mtu asiyefanya kazi, anafunga faili. Tatu, anayepokea hisa za masharti hayo ana siku 30 tu za kupeleka kwa mamlaka ya kodi, IRS, tamko la 83(b), la kuchagua kutozwa kodi ya hisa zote sasa, zikiwa bado na thamani ndogo. Akichelewa, atatozwa kodi kila fungu la hisa linapoiva, kwa thamani ya wakati huo, hata kama hana senti mkononi. Siku 30 hizo haziongezwi. Mwanasheria wa kujitolea anayekuja chuoni mara moja kwa mwezi angeokoa kampuni nyingi kuliko jukwaa na taa zake.

Dhana: Chochote anachobuni mwanafunzi ni cha chuo.

Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inakiruhusu chuo kubaki na uvumbuzi uliotokana na utafiti wa fedha za serikali kuu. Mwanafunzi aliyetengeneza kitu kwa kompyuta yake, bila mshahara wa chuo wala ruzuku, kwa kawaida ni chake. Kinachogeuza mambo ni ajira ya usaidizi wa utafiti au matumizi makubwa ya maabara, kwa hiyo sera ya chuo isomwe kabla kazi haijaanza.

Tena, ombi la awali la hataza liwasilishwe kabla ya kuonyesha uvumbuzi hadharani. Marekani inakupa miezi 12 baada ya kuutangaza. Nchi nyingi nyingine hazikupi hata siku moja. Ada nyingi za hataza hupungua kwa asilimia 80 kwa wanaostahili daraja la mwombaji mdogo kabisa.

Dhana: Ruzuku ya STTR huombwa na chuo.

STTR ni ruzuku ya serikali kuu kwa kampuni ndogo inayofanya utafiti pamoja na taasisi ya utafiti kama chuo. Huombwa na kampuni. Kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, na taasisi ya utafiti angalau asilimia 30. Wengi hukwama kwenye usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaoomba fedha zake, unaoweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu wameuanza siku chache kabla ya mwisho. Angalia pia kama dirisha liko wazi, maana Bunge huihuisha programu hii kwa vipindi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni muda. Mhadhiri mwenye vipindi vya masomo manne kwa muhula hawezi kuandika ombi la maana. Anayetaka kusaidia kweli amlipe mwalimu wa kushika masomo mawili kwa muhula mmoja.

Dhana: Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuwa na kampuni.

Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wako kwenye vyuo hivi tangu zamani. Mbiyu Koinange wa Kenya alifika Hampton, kimojawapo cha vyuo hivi, mwaka 1927. Mwenye viza ya F-1, ya wanafunzi, anaweza kumiliki hisa. Asichoweza ni kuifanyia kampuni kazi bila kibali, hata kama halipwi. Kibali cha OPT, cha kufanya kazi ya fani uliyosomea, ni miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma sayansi na uhandisi inadai mwajiri aliyesajiliwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kibali cha kazi, na msimamizi asiye wewe mwenyewe, na hapo ndipo kampuni ya mtu mmoja inapokwama. Maombi ya OPT hufunguliwa siku 90 kabla ya masomo kwisha. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ionwe kabla ya hapo, mikataba ikiwa bado haijatiwa sahihi.