Kwa nini bado ninafundisha kwa kanda za Johnny Carson

Watangazaji wachanga wanaokuja kwangu kujifunza kuhoji wageni huanza kwa kuuliza waseme nini. Mimi huwafungulia kanda za Johnny Carson na kuwaomba wamtazame pale anaponyamaza.

Carson aliongoza The Tonight Show, kipindi cha usiku cha mahojiano na vichekesho cha televisheni ya NBC ya Marekani, kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992. Alikulia Nebraska, na kabla ya utangazaji alikuwa akifanya mazingaombwe. Meza, sofa ya wageni, msaidizi pembeni, bendi: hayo yote aliyakuta, maana Steve Allen na Jack Paar walishakalia kiti kile kabla yake. Wapo wengi walioiga meza hiyo, na wengi wao wamesahaulika.

Kipande ninachokipenda ni cha Aprili 1965. Mgeni alikuwa Ed Ames, mwimbaji aliyekuwa akiigiza mwenyeji wa asili wa Amerika kwenye tamthilia ya televisheni, na alikuja kuonyesha jinsi ya kurusha kishoka. Kwenye ubao palichorwa umbo la mwanamume. Ames akarusha, na kishoka kikajikita katikati ya mapaja ya yule mtu wa kuchorwa, mpini ukielekea juu. Ukumbi ukalipuka. Ames akataka kwenda kukichomoa, Carson akamshika akamzuia.

Hapo ndipo ninaposimamisha kanda. Mwingine angepaza sauti kushindana na kicheko, au angekimbilia matangazo. Carson aliona kwamba mpini ule ulikuwa bado unachekesha, na ukiondolewa utaondoka na kicheko chake. Akatulia. Watu wakacheka, wakachoka, wakaanza upya. Kicheko kilipoanza kushuka, kabla hakijakatika, akatupa sentensi moja tu: hakujua hata kama Ames ni Myahudi. Utani wa tohara huo, na ukumbi ukaangua kicheko tena. Sentensi yenyewe ni ya kawaida. Wakati wake ndio uliokuwa mali.

Hata vichekesho vyake vya ufunguzi vilipododa hakujifanya hajaona. Aligonga maikrofoni kwa kidole, kana kwamba kosa ni la mitambo, bendi ikampigia muziki laini naye akacheza hatua mbili tatu. Watu wakacheka kushindwa kwake.

Ukimya huohuo ungeweza kuwa mkali. Mwaka 1973 alimleta Uri Geller, aliyedai kupinda vijiko kwa nguvu za akili. Kwa ushauri wa mwanamazingaombwe James Randi, studio iliandaa vifaa vyake yenyewe na kuhakikisha mgeni havigusi mapema. Geller alijaribu, akasita, akalalamika kwamba hajisikii na nguvu. Carson hakumkejeli, wala hakumwokoa. Alimwachia muda, na muda ukamuumbua.

Sisemi alikuwa malaika. Mchekeshaji chipukizi alipomaliza zamu yake, macho yote yalikwenda kwenye mkono wa Carson: akikuita kwenye sofa, milango imefunguka. Ellen DeGeneres aliitwa hivyo mwaka 1986, mchekeshaji wa kwanza wa kike kupata heshima hiyo mara yake ya kwanza kabisa kwenye kipindi. Wa kwanza, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kipindi! Mwaka huohuo Joan Rivers, aliyekuwa akimshikia nafasi alipokuwa likizo, alianzisha kipindi chake kwenye televisheni pinzani ya Fox, na Carson hakuzungumza naye tena.

Lakini kazini aliridhika mgeni acheke na achekeshe kumzidi yeye, jambo ambalo wanafunzi wangu huliona gumu kuliko yote. Wengi wakitazama kanda ya Ames huniambia wao wangeingilia mapema.

Kanda nyingi za miaka yake 10 ya kwanza hazipo. Mikanda ilikuwa ghali, kwa hiyo ilifutwa na kurekodiwa vitu vingine. Ya kishoka imetufikia, na Carson mwenyewe aliirusha tena na tena katika vipindi vya maadhimisho.