Sheli si teminali

"Kaka, sheli yangu nimeipaka kijani." Kijana mmoja wa Birere, hapa Goma, aliniambia hivyo juzi, na si wa kwanza mwezi huu. Hapana, mdogo wangu. Ulichopaka kijani ni teminali.

Maana yenyewe ni fupi. Sheli ni programu inayosoma amri zako, kuzifasiri na kuziendesha. Ukiziandika kwenye faili zifuatane zenyewe, hiyo ni skripti. Teminali ni dirisha tu: inapokea vidole, inaonyesha herufi.

Jina "shell" tulipewa na Mfaransa, Louis Pouzin, aliyekuwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1960. Kwanza aliandika RUNCOM, ya kuendesha amri zilizopangwa kwenye faili. Ile "rc" ya .bashrc, faili la mipangilio ya sheli iitwayo Bash, ni mabaki yake. Halafu akataka kifasiri cha amri kikae nje ya mfumo endeshi, kama programu nyingine yoyote, akakiita shell, yaani ganda. Sisi wa Kiswahili hapo hatuna udhuru: kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, tunaiita kiini, na anayekula yai anajua kiini kiko wapi na ganda liko wapi. Teminali ina ukoo mwingine kabisa. Ilikuwa mashine ya chuma, taipureta iliyofungwa kwenye waya, teletype. Ndiyo maana hadi leo kuna amri inayoitwa tty, kifupi cha teletype.

Ni maneno tu? Kijana huyo ana skripti ya kunakili daftari la duka kwenye flashi kila saa nane ya usiku. Akiiendesha kwa mkono, inakwenda. Usiku, kimya. Akalaumu teminali, akaweka nyingine, akaweka ya tatu. Jamani, saa nane ya usiku teminali gani imefunguliwa? Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, huamsha sheli peke yake, na kwenye mfumo wa Ubuntu hiyo ni sh, ambayo kwa kweli ni sheli ndogo iitwayo dash. Yeye mchana alikuwa ndani ya Bash, na kuuliza kama folda ya flashi ipo ameandika

if [[ -d /media/flashi ]]

na dash haiijui [[ hata kidogo. Sharti likashindwa, kunakili kukarukwa.

Tukaongeza mstari mmoja juu kabisa ya skripti, #!/bin/bash, unaosema iendeshwe na Bash. Asubuhi nakala ilikuwemo kwenye flashi. Kijani chake kibaki, kinapendeza. Ila ni cha teminali.