Ziara ya mvinyo Cape: mashamba mawili kwa siku, la tatu ni tamaa

Wiki iliyopita alinijia mwalimu mstaafu wa hapa Dunda, Bagamoyo. Mwezi wa pili anakwenda Cape Town na mkewe. Tulikaa barazani, nikammiminia kahawa, naye akafungua daftari: mashamba ya mvinyo kumi na moja kwa siku mbili, kila moja na saa yake, kama ratiba ya vipindi.

"Mwalimu, haya umeyapanga ya kutazama au ya kunywa?"

"Ya kuonja tu, mwanangu. Kuonja si kunywa."

Nikaomba kalamu. Kwenye chumba cha kuonjea wanakumiminia kama mililita 30 za kila aina, na aina huwa tano au sita. Chukua tano: ni mililita 150, yaani glasi kamili. Mashamba matano na nusu kwa siku ni mililita 825. Chupa ya kawaida ni 750. Mwalimu aliitazama hesabu, akageuka kuangalia ndani, mkewe alikokuwa akiongea na mama yangu. "Hii usimwonyeshe," akasema.

Simcheki, maana kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Nilianza na kazi ya kumimina vinywaji, kwenye hoteli za ufukweni hapa Bagamoyo, nikasomeshwa mvinyo, baadaye nikaanza kupangia watu safari. Kundi langu la kwanza lilikuwa watu sita wa kikoba kimoja, nikawajazia mashamba matano kwa siku moja. La tatu walikuwa wanacheka. La nne hakuna aliyeweza kutofautisha kitu na kitu, mmoja kalala garini mdomo wazi. La tano hatukufika, na malipo ya kuweka nafasi yakaenda. Tangu hapo kwangu ni mawili kwa siku. La tatu nalikubali likiwa la chakula tu.

La kwanza liwe saa nne asubuhi, ulimi ukiwa bado safi. Kula kwanza, tena ushibe. Na hapa nina ombi kwa watu wetu wa pwani: siku hiyo acheni udi na marashi. Nusu ya kuonja mvinyo ni kunusa, na nguo iliyofukizwa usiku kucha itafunika glasi yako na za wenzako chumba kizima. Shamba la pili liwe la mchana, lenye mgahawa, mkae hapo hapo. Vyumba vingi vya kuonjea hufungwa saa kumi au kumi na moja jioni, kwa hiyo mwenye orodha ndefu huishia kukimbizana na milango.

Kabla hata hujachagua shamba, amua nani ataendesha. Sheria ya Afrika Kusini kwa dereva wa kawaida ni chini ya gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na askari wa barabarani wanapima. Usijifariji kwamba umeonja tu. Kodi gari lenye dereva. Ukienda Franschhoek, mji wa mashamba ya mvinyo, kuna Wine Tram, usafiri wa tramu na mabasi wenye njia zilizopewa majina ya rangi: unashuka shambani, unaonja, unapanda linalofuata. Weka nafasi mapema, hasa msimu wa wageni.

Sasa wapi. Constantia imo ndani ya Cape Town yenyewe. Stellenbosch ni kama kilomita 50, na Franschhoek ni kama 75, karibu sawa na kutoka hapa hadi Dar. Kwa mwenye siku mbili nasema: siku ya kwanza Constantia, ya pili Stellenbosch au Franschhoek, moja tu. Ndiyo, kati ya hiyo miji miwili barabara ni fupi na milima yake inapendeza, lakini ukitaka yote utaona milima tu.

Constantia naiweka mbele kwa sababu yangu. Shamba la Groot Constantia lilianzishwa mwaka 1685 na Simon van der Stel, kamanda wa Waholanzi huko Cape, na mvinyo mtamu wa bonde hilo ndio Napoleon, aliyekuwa mtawala wa Ufaransa, alikuwa akipelekewa uhamishoni kisiwa cha St Helena. Wenyeji watakusimulia habari za Napoleon bila kuulizwa. Wewe uliza habari za watumwa. Mizabibu ile ililimwa na watu walioletwa kwa meli kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na shambani hapo pana makumbusho yanayolieleza jambo hilo. Mtu aliyekulia Bagamoyo hawezi kupita hapo kama mgeni wa kawaida. Mashamba mengi ya zamani bado yana kengele iliyowaita watumwa kazini, mnara wake umepakwa chokaa nyeupe, watu wanapigia picha za harusi. Mimi huwapeleka wageni wangu makumbusho kwanza, glasi baadaye. Wako walioninunia kwa hilo.

Mashamba yenye majina makubwa usiyakimbilie yote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: ukikuta mabasi matatu yamejipanga mlangoni, anayemimina hana muda wa kujibu swali lako. Changanya moja lenye jina na moja dogo la familia. Hilo dogo liulize mapema kama Jumapili linafungua.

Halafu chagua zabibu moja uionje kote kuwili. Ukiacha kila kitu kwa mwenyeji, kesho hukumbuki lolote. Mimi hupenda Pinotage, kwa kuwa ni ya kwao kabisa: mtaalamu wa zabibu Abraham Perold aliichavusha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuoanisha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo huko waliiita Hermitage. Nyeupe, chukua Chenin Blanc, iliyopandwa kwa wingi kuliko zote nchini humo. Ukiionja hii katika mashamba mawili siku moja, utashangaa zabibu moja inavyoweza kusema lugha mbili.

Mwezi wa pili aliochagua mwalimu ni mzuri. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, maana hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anauamsha kwa kuupogoa. Cape huvuna mara moja, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili hivi. Utakuta matrekta ya zabibu na harufu ya chachu uani, ingawa wafanyakazi wanakuwa na shughuli nyingi, wa kukutembeza kwenye mapipa anaweza kukosekana. Juni hadi Agosti ni mvua na baridi, na baridi ile si ya kuvaa shati mbili.

Mke wa mwalimu hanywi. Hilo lisemwe wakati wa kuweka nafasi. Yapo mashamba yanayoandaa juisi ya zabibu, chokoleti au jibini kwa asiyekunywa, na bustani zake zinatosha kumkalisha mtu. Chakula cha halali mjini si taabu, mtaa wa Bo-Kaap una Waislamu wa karne nyingi.

Kilichomsumbua zaidi mwalimu ni kile chombo cha kutemea. "Nimtemee mwenyeji kinywaji chake mbele ya macho yake?" Nikamkumbusha bibi zetu na tambuu, mate mekundu, kopo pembeni, na hakuna aliyewaita wakosefu wa adabu. Tema. Anayemimina atakuheshimu zaidi, atajua umekuja kuonja.

Kuhusu kubeba: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu mzima lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Ziende kwenye begi kubwa, maana la mkononi halipiti na chupa. Mimi niliwahi kuzifunga kwa kanga, moja ikapasuka, na kanzu niliyonunuliwa kwa harusi ya mdogo wangu ikafika Bagamoyo rangi ya zambarau. Nunueni yale maboksi ya povu ya shambani.

Jana mwalimu alipita na daftari. Saba yamekatwa kwa rula, yamebaki manne. Pembeni kwa penseli, herufi ndogo, kuna la tano: "ikipatikana nafasi."