SUV ya familia: yanayosemwa yadini na yanayoonekana chini ya gari

Gari letu lilikwama mita mia mbili kutoka lango la mama, Emuhaya katika Vihiga, mvua ya Aprili ikiwa imenyesha usiku kucha. Tairi za mbele zilizunguka kwenye udongo mwekundu hadi zikanuka. Za nyuma zilitulia tu. Kijana wa jirani, fundi wa pikipiki, alilala kwenye nyasi akachungulia chini ya bampa. "Mzee, hapa nyuma hakuna difu," akasema. Miezi mitatu kabla ya hapo, muuzaji wa yadi moja ya magari Nakuru alikuwa amenihakikishia kwamba gari hilo linavuta kwa magurudumu yote manne. Nilimwamini kwa sababu lilikuwa limeinuka na lilionekana la kazi.

Tangu siku hiyo nimeandamana na ndugu na majirani kukagua magari yaliyotumika Japani, kwenye yadi za Nakuru na Kisumu, na nakutana na dhana zile zile. Zinaumiza, maana pesa zinazotolewa pale ni akiba ya miaka, na mara nyingi kuna mkopo wa sacco juu yake.

"Ni SUV, basi inavuta magurudumu manne"

Toyota Harrier, Nissan X-Trail, Mazda CX-5 na Honda CR-V ziliuzwa Japani kwa namna zote mbili: zinazovuta mbele tu na zinazovuta kote. Bodi ni ile ile, rangi ile ile, urefu ule ule. Nembo ya 4WD kwenye mlango wa nyuma si ushahidi, maana nembo huuzwa dukani.

Chuchumaa nyuma ya gari. Lile linalovuta kote kwa kawaida lina chuma kirefu kinachotoka mbele kikipita katikati ya tumbo la gari hadi kwenye difu, donge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma, na kutoka kwenye donge hilo shafti mbili zinaingia magurudumuni. Usipoona donge hilo, hakuna mjadala. Huhitaji fundi kwa hili, unahitaji tochi ya simu na suruali isiyoogopa vumbi.

Hata hivyo, si kila familia inayahitaji magurudumu manne. Ukiishi Section 58, mtaa wa Nakuru, na kijijini kwenu lami inafika mlangoni, gari la kuvuta mbele ni jepesi, linakunywa kidogo na lina vyuma vichache vya kuharibika. Wa Ahero au Kano, karibu na Kisumu, kwenye udongo mweusi unaonata, ana hesabu nyingine. Na hata huyo akumbuke kwamba kuvuta kote hakusaidii kufunga breki. Gari lenye tairi zilizokwisha litateleza kwenye utelezi wa Vihiga hata likiwa na difu tatu. Tazama ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Nimeona tairi zinazong'aa kama mpya, zimepakwa dawa, kumbe ni kuukuu na zina nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka.

"Maileji ni ndogo, kwa hiyo halijatumika"

Namba iliyo kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Lakini Japani gari la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na maileji huandikwa. Cheti cha kuuza gari nje ya nchi hubeba rekodi hiyo. Omba kukiona, pamoja na karatasi ya mnada wa huko, inayoeleza hali ya gari. Muuzaji mwaminifu anazo au anaweza kuzipata kwa nambari ya chasi. Akianza kukwepa, umeshajibiwa.

Kisha soma gari lenyewe. Raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, usukani uliolainika mahali mkono wa kulia hukaa, ukingo wa kiti cha dereva uliobonyea: hivi haviendi na kilomita 48,000. Wiki tatu zilizopita tulikagua X-Trail moja Kisumu. Dashibodi ilisema 61,000. Raba ya pedali ilikuwa mpya kabisa, nyeusi tii, ilhali zulia lililo chini yake lilikuwa na tundu la kisigino. Mtu alibadilisha raba akasahau zulia.

Kuna na dhana pacha, kwamba gari lililotoka Japani juzi halina kutu. Kaskazini mwa Japani theluji ni nyingi na barabara humwagiwa chumvi, nayo hula chuma kutoka chini. Ukiwa bado umechuchumaa pale ulipotafuta difu, angalia pia boriti, mabomba ya breki na ekzosi. Rangi mbichi nyeusi iliyopuliziwa tumbo zima inataka maswali.

"Oili ya gia haibadilishwi kamwe"

Dhana hii imeua giaboksi nyingi. Magari mengi ya familia ya umri huu yana gia za CVT, zinazotumia mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya meno ya kawaida. Kila kitu humo kinategemea oili. Mafundi ninaowaamini huibadilisha kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na hutumia ile iliyoandikwa kwa gari hilo tu: X-Trail ya toleo la T32 inataka oili iitwayo NS-3. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida, mkanda utaanza kuteleza na bili yake itakutoa machozi.

Kuizungusha gari yadini hakukuonyeshi hili, kwa sababu CVT mgonjwa huficha ugonjwa wake hadi ipate joto. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa. Washa, tia rivasi, uhesabu muda hadi gari liitike. Kisha omba kupanda mlima. Kisumu, toka Mamboleo ukipanda kuelekea Kiboswa. Nakuru, shika barabara ya kwenda Menengai. Dakika ishirini za kupanda, wenzako wakiwa ndani, redio imezimwa. Sikiliza mlio mwembamba unaokua na mwendo, na hisi kama gari linatetemeka likianza kuondoka. Mwenye gari akikukatalia mlima, mshukuru uende zako.

"CC elfu mbili ni CC elfu mbili"

CC ni ukubwa wa injini tu, si nguvu utakayoipata barabarani. Hii haizungumzwi vya kutosha huku kwetu, na sisi ndio inatuhusu zaidi. Nguvu iliyoandikwa kwenye vipeperushi imepimwa kwa hewa nzito ya karibu na usawa wa bahari. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru 1,850, na Timboroa, ambapo barabara ya Nakuru kwenda Eldoret inapita, ni zaidi ya 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Yaani ukifika Timboroa, karibu robo ya nguvu za farasi ulizonunua hazipo. Weka watu sita, gunia la viazi na lori mbele yako, ndipo utajua kwa nini dereva anakanyaga hadi mwisho na gari linalalamika tu. Turbo husukuma hewa zaidi ndani na hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ila nayo inataka oili safi kwa wakati. Anayevuka Timboroa mara mbili kwa mwaka avumilie tu. Anayeivuka kila mwisho wa mwezi alipe zaidi kwa turbo.

Dizeli ina sifa ya kunywa kidogo, na ni kweli safarini. Lakini CX-5 ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi linalojisafisha gari likikimbia kwa muda mrefu injini ikiwa moto. Familia ya Kisumu ambayo gari lake ni Milimani hadi shuleni na kurudi Kondele sokoni italiziba. Kwa mtu huyo, petroli.

Haibridi, gari lenye injini na mota ya umeme, nayo inaogopwa kupita kiasi, ati betri ikifa gari ni chuma chakavu. Betri hizo zimeundwa kwa moduli, yaani vipande vilivyounganishwa, na moduli hubadilishwa. Kinachoziua mapema huku ni vumbi linaloziba feni ya kupozea betri. Muulize muuzaji njia ya hewa ya feni iko wapi, uifungue uione.

"Gari kubwa, mifuko ya hewa iko, watoto wako salama"

Gari lililoinuka hupinduka kwa urahisi zaidi kuliko lililo chini. Na mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata iliitwa kiwandani kwa mamilioni duniani kote, kwa sababu kemikali iliyo ndani yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha mfuko ukifumuka unarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu: hiyo ni Kisumu. Baadhi ya Honda CR-V na Subaru Forester za miaka ya nyuma zimo kwenye orodha hiyo. Ingiza nambari ya chasi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari kabla hujalipa. Ni bure. Sielewi kwa nini yadi hazifanyi hivyo zenyewe.

Nambari hiyo hiyo ilingane na logibuku na iliyogongwa kwenye chuma. Tafuta rekodi ya gari kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa ada isiyofika shilingi elfu moja, uone mwenye gari ni nani na kama benki bado inalishikilia.

"Viti saba vinatosha watu saba"

Tulipotafuta gari la pili nilimpeleka mama yadini Nakuru, na mke wangu na watoto wote. Muuzaji alikunjua viti vya nyuma kabisa kwa fahari. Mama ana miaka sabini na miwili. Alishika kichwa cha kiti cha kati, akainama, akapitisha mguu mmoja, akapumzika, kisha wa pili. Alipoketi, magoti yake yalifika kifuani na kisogo chake kilikuwa karibu kugusa kioo cha nyuma. Kati ya kiti chake na mlango hapakuingia hata mkoba wake. Nilifungua mlango huo nikamuuliza anaonaje.

"Mwanangu," akasema, "kutoka hapa hadi Emuhaya ni saa ngapi?"

Nikamwambia ni tano, barabara ikiwa wazi. Akanipa mkono nimsaidie kushuka.